Pangaboi juu ya Katubuka: kuijua ndege Kigoma na Tabora

Kigoma ndege husikika kabla haijaonekana. Ukisimama upande wa Katubuka asubuhi, mngurumo hutangulia kutoka mashariki, unapotea nyuma ya vilima, unarudi umebadilika sauti, na hapo ndipo nukta nyeusi inaota mbawa. Anayetaka kuhesabu ndege nyingi akakae Kipawa, Dar es Salaam. Hapa ni chache kwa siku, na kila moja inakupa nafasi ya kuikagua kutoka pua hadi mkia bila haraka.

Tuelewane mapema kwamba ndege tunayoizungumzia ni ile ya injini. Sarufi imeshatutenganisha, huyu anaruka, hii inaruka. Wenye manyoya tuwaache kwa leo, ingawa mwewe na kunguru wanaofuata dagaa walioanikwa wana neno lao kwenye kiwanja cha mji wa ziwani.

Mjini, ndege yoyote kubwa ya pangaboi huitwa "Bombadia". Jina lilivuma na Dash 8 Q400 za Air Tanzania, mbili za kwanza zikiwa zimefika nchini Septemba 2016, kisha likameza kila kinachofanana nazo. Lakini ATR za Precision Air hazina undugu na Bombardier. ATR huundwa Toulouse, Ufaransa. Q400 ni ya Kanada. Kwa mbali zinadanganya kweli. Zote mbawa zimekaa juu ya mwili, zote zina injini mbili, zote mkia ni umbo la herufi T, na kila pangaboi lina mapanga sita. Rangi usiitegemee, kwa sababu ndege hukodishwa na nyingine huruka miezi kadhaa na rangi ya mwenyewe wa zamani.

Angalia miguu. Q400 hukunja magurudumu yake makubwa ndani ya vifuko virefu vya injini, kwa hiyo ikiwa inatua utaona miguu mirefu myembamba inaning'inia kutoka chini ya mbawa, kama ya korongo. ATR huyakunja kwenye mashavu mawili yaliyovimba pembeni mwa tumbo, na ikisimama inaonekana imechuchumaa. Mashavu hayo yanaonekana hata magurudumu yakiwa ndani. Ukiyaona, hiyo ni ATR, maliza.

Kama jua liko juu na ndege inapita karibu, soma kivuli chake. Q400 ina urefu wa mita 32.8 na upana wa mbawa mita 28.4, kwa hiyo kivuli chake ni kirefu kuliko kilivyo kipana. ATR 72 ni mita 27.2 kwa 27, karibu sawa kwa sawa, kama msalaba wa kuchora kwa rula. ATR 42 ina urefu wa mita 22.7 na mbawa za mita 24.6, hivyo upana unaushinda urefu. Kipimo hiki hakihitaji darubini wala simu, na ni cha kuaminika kuliko kubahatisha idadi ya madirisha ndege ikiwa mwendoni.

Ikishaegesha, sikiliza tena. ATR haina ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa ndege ikiwa chini. Badala yake injini ya kulia ina breki ya pangaboi: pangaboi linashikwa lisizunguke, huku injini yenyewe ikiendelea kunguruma na kulisha umeme. Ndiyo maana utaona abiria wanashuka, pangaboi zote mbili zimesimama tuli, na kelele bado ipo. Mgeni hudhani kuna hitilafu. Upande wa kulia ulichaguliwa kwa sababu milango ya abiria iko kushoto. Q400 inayo injini hiyo ndogo mkiani, na sauti yake ni mluzi mwembamba unaotoka nyuma.

Tazama pia abiria wanapopandia. ATR hupakia mizigo mbele, nyuma tu ya chumba cha rubani, na watu hupandia mlango wa nyuma kushoto. Kwa kuwa watu wakisongamana nyuma ndege inaweza kuinua pua, huwekwa mhimili mwembamba chini ya mkia hadi upakiaji uishe. Q400 hupandisha watu mbele, kwa ngazi iliyo sehemu ya mlango wenyewe. Tatizo la mkia yenyewe hulipata ikitua: mwili ni mrefu mno, rubani akiinua pua kupita kiasi mkia utagusa lami. Kwa hiyo hutua karibu bapa, na anayezoea kuona ATR zikitua atafikiri rubani ana haraka.

Ndege ndogo hazina siri nyingi. Cessna Caravan ina injini moja puani, mbawa juu zenye fimbo ya kuzishikilia kila upande, magurudumu yasiyokunjwa, na mara nyingi mfuko mrefu wa mizigo umebandikwa tumboni. Ndizo zinazobeba watalii kwenda viwanja vya vumbi na nyasi vya Mahale na Katavi. Pilatus PC-12 pia ina injini moja, lakini mbawa zake ziko chini, ncha zimekunjwa juu, na magurudumu yanaingia ndani. AMREF Flying Doctors wa Nairobi, wanaosafirisha wagonjwa kwa ndege, wanazitumia, kwa hiyo ukiiona imeegeshwa karibu na gari la wagonjwa, weka kamera chini. Kuna picha zisizostahili kupigwa.

Kisha namba ya usajili, ambayo kwa mpenzi wa ndege ndilo jina kamili. Ya Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X, Burundi 9U, Rwanda 9XR, Kongo ya Kinshasa 9Q, Zambia 9J. Huandikwa ubavuni kuelekea mkiani na chini ya bawa. Ndege mpya za Air Tanzania zimefuatana kwa herufi za TC bila kujali aina: 5H-TCB na 5H-TCD ni Q400, 5H-TCG ni Boeing 787-8, 5H-TCH ni Airbus A220-300. Usikisie aina kwa kufuata alfabeti. Kosa la kawaida ni kusoma B kama D, au C kama G, ndege ikiwa imeinama. Piga picha mbili, ya pili ikiwa ndege imesimama, ndipo uandike.

Wapi pa kusimama? Kabla ya yote, nenda ofisi ya meneja wa kiwanja, jieleze, sema unapiga picha za ndege za abiria kutoka nje ya uzio, uliza wapi hupaswi kuelekeza lenzi. Ni mazungumzo ya dakika kumi yanayookoa alasiri nzima ya kujieleza kwa askari. Ndege za jeshi, mnara, mitambo ya mawasiliano na watu wa ukaguzi, acha. Droni usiilete kabisa jirani na kiwanja. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye njia ya ndege inayotua ni hatari kuliko mwewe.

Njia ya kurukia ya Kigoma ni 16/34. Namba hizo ni dira iliyokatwa sifuri: 16 inaelekea nyuzi 160, kusini kidogo mashariki, 34 ni upande wake wa pili, nyuzi 340. Kwa kuwa njia imelala karibu kaskazini hadi kusini, jua la asubuhi linapiga ubavu wa mashariki na la jioni ubavu wa magharibi. Asubuhi kaa mashariki ya njia, jioni hamia magharibi, ili jua liwe mgongoni kwako. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini, na tumbo lote la ndege linakuwa jeusi. Saa hizo nenda kale ugali na mgebuka.

Upande gani ndege itatokea, upepo ndio unaoamua, maana ndege hutua na kuruka ikiuelekea. Soksi ya upepo ikijaa na mdomo wake ukitazama kusini mashariki, tarajia 16. Lakini ziwa lina yake. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo wa ziwani unaweza kuingia kutoka magharibi ukageuza mambo ndani ya nusu saa. Ukiona soksi inayumba bila kushika upande, simama katikati ya urefu wa njia badala ya kubeti mwisho mmoja.

Anga nayo ina misimu. Julai hadi Septemba nyasi na miombo huchomwa, na moshi huifunika Kongo ya ng'ambo usiione kwa siku nyingi. Picha za kipindi hicho hutoka za rangi ya chai ya maziwa. Hewa safi kuliko zote huja mvua ikishanyesha, na mvua za Novemba zikianza, saa moja baada ya manyunyu ni dhahabu. Kuanzia saa nne asubuhi lami ikipata moto, hewa juu yake hucheza na maandishi ya ubavuni yanapinda kama yameandikwa majini. Lenzi ya bei haiondoi hilo. Dawa ni kusogea karibu, au kungoja ndege inyanyuke juu ya tabaka hilo la joto.

Sasa pangaboi, ambapo picha nyingi huharibikia. Ukitumia mwendo wa kamera (muda ambao inapokea mwanga) wa 1/2000 ya sekunde, mapanga yanaganda na ndege inaonekana imezimika angani. Hesabu ni rahisi. Pangaboi la Q400 wakati wa kuruka huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani 17 kwa sekunde. Kwa 1/1000 ya sekunde linasogea nyuzi 6 tu. Kwa 1/125 linasogea nyuzi 49, na kwa kuwa kati ya panga na panga kuna nyuzi 60, unapata duara linalokaribia kukamilika. ATR huzunguka 1,200 kwa dakika, kwa hiyo 1/125 inaipa nyuzi 58, duara kamili karibu. Caravan, yenye mapanga matatu na mizunguko 1,900, inataka 1/100 ili ifike nyuzi 114 kati ya 120. Anza na 1/250 hadi mikono izoee, kisha shuka. Zungusha kiuno, miguu ikae palepale, bonyeza ukiwa bado unazunguka na usikome ghafla. Kati ya picha ishirini, mbili nzuri ni mavuno.

Lenzi ya milimita 70 hadi 300 inatosha. Q400 ikiwa umbali wa mita 300, kwenye kamera za kawaida zenye kihisi (kipande kinachonasa picha) cha upana wa milimita 23.5, inajaza picha kwa milimita 214 hivi. Begi la lenzi la kilo tano ni la kujionyesha.

Simu ina shida mbili. Kwanza husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo pangaboi linatoka limepinda kama ndizi. Pili, tundu la lenzi yake halipunguzwi, na juani inalazimika kutumia 1/4000 au karibu na hapo. Weka programu ya kamera kwenye hali ya kujipangia, shusha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi mwisho, kisha shikilia lenzi ya miwani ya jua mbele ya kamera. Miwani myeusi hupunguza mwanga kama mara nane, na 1/4000 inakuwa 1/500. Lenzi mbili juu ya nyingine zinakufikisha 1/60. Miwani ya bei rahisi itatia rangi ya kahawia kidogo, lakini pangaboi litakuwa pangaboi.

Kwa wanaopenda kujua kinachopita bila kutoka nyumbani, kuna kipokezi. Ndege nyingi za abiria hutangaza mahali zilipo, urefu na utambulisho kwa masafa ya megahezi 1090. Unahitaji kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kidude cha USB cha kupokea mawimbi ya redio kiitwacho RTL-SDR, na antena. Antena unaitengeneza mwenyewe: waya mmoja wima wa sentimita 6.9 kwenye kiunganishi, na waya nne za urefu huohuo zikiwa zimeinamishwa nyuzi 45 kama miguu ya kigoda. Mawimbi haya hayapindi kufuata dunia, kwa hiyo vilima vinavyozunguka mji ndivyo ukuta wako. Kwenye uwazi, ndege iliyo mita 11,000 inasikika hadi kilomita 430 hivi, na iliyo mita 1,500 juu yako haivuki sana 160. Ndiyo sababu tovuti za kufuatilia ndege kama Flightradar24 huipoteza ndege ikishuka mahali pasipo kipokezi cha karibu. Si kwamba imezima mitambo.

Yanayokwama ni haya. Waya mwembamba wa RG58 wa mita kumi unameza zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya mawimbi. Waya wa dishi la televisheni, RG6, unapoteza theluthi moja na ushee, na fundi yeyote wa madishi anao. Chaja ya simu yenye waya dhaifu inaishusha Raspberry Pi inajizima na kuwaka yenyewe. Umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, kadi ya kumbukumbu hufa, basi weka betri ya akiba na nakala ya kadi. Radi zikianza, chomoa waya wa antena, na uutupe nje ya dirisha ukiweza. Halafu kuna linalowachanganya wanaoanza: ndege inayokaribia kugusa lami Kigoma inaonyesha futi 2,700 hivi, Tabora zaidi ya 3,800, kwa sababu urefu hupimwa kwa kanieneo ya hewa kutoka usawa wa bahari. Ndege ndogo nyingine hutoa utambulisho bila mahali. Hapo soma namba ya utambulisho huo: inayoanza na 080 ni ya Tanzania, 04C Kenya, 032 Burundi, 08C Kongo.

Tabora ni somo jingine, la joto na mwinuko. Kiwanja kipo takriban mita 1,180 juu ya bahari, sawa na futi 3,870. Vitabu vya anga vinasema kwenye mwinuko huo joto la kawaida ni nyuzi 7. Oktoba, mchana, kipimajoto kinasoma 33. Ziada ni nyuzi 26, na kila nyuzi moja inaongeza futi 120: jumla futi 3,120. Injini, mbawa na pangaboi vinafanya kazi kana kwamba kiwanja kipo karibu futi 7,000, zaidi ya mita 2,100. Hewa nyepesi inanyima injini nguvu na mbawa kiinuo, na ndege inataka lami ndefu zaidi au mzigo mdogo. Washa saa ndege inapoachia breki, izime gurudumu la pua likinyanyuka. Linganisha ya saa mbili asubuhi na ya saa tisa mchana kwa aina ileile. Tofauti utaiona kwenye daftari bila kuambiwa na mtu.

Tabora inazijua ndege tangu zamani. Ndege ya Vickers Vimy Commercial yenye usajili G-EAAV, ikitoka Uingereza kuelekea Cape Town na mwandishi wa The Times, Peter Chalmers Mitchell, akiwa ndani, ilianguka Tabora ikijaribu kuondoka tarehe 27 Februari 1920. Waliokuwemo walinusurika, safari ikaishia hapo. Kigoma iliziona ndege mapema zaidi, na kwa shari: mwaka 1916 Wabelgiji waliruka kutoka ng'ambo ya ziwa na Short 827, ndege za kutua majini walizoazimwa na Waingereza, wakaangusha mabomu bandarini. Walikuwa wakiitafuta meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba. Kila anayesema Kigoma haina historia ya anga apelekwe bandarini akaiangalie.

Ukipanda mwenyewe, chagua dirisha kwa akili. Kati ya Tabora na Kigoma ni kilomita 350 tu, na ukielekea magharibi mabwawa ya Malagarasi yanatandaa upande wa kulia, Ziwa Sagara linakaa kushoto. Mbawa za juu hazikuzibii ardhi, ila viti vya katikati vinazibwa na injini na miguu, na vilivyo sambamba na pangaboi vina kelele kuliko vyote. Kaa nyuma. Ikiwa Kigoma inatumika 16, kutua au kuruka, ziwa liko kulia kwako. Ikiwa 34, kushoto.

Na mzigo wa Tabora, asali, una hesabu yake. Lita moja ina kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 ni kilo 28, inazidi kilo 23 za tiketi nyingi za kawaida kabla hujaweka shati. Ukijaza kidumu na kuacha hewa juu, hewa hiyo inatanuka angani kama asilimia 17 na kuusukuma mfuniko. Acha nafasi ndogo, funga kwa plastiki chini ya mfuniko, kisha tia kidumu ndani ya mfuko mwingine. Dagaa wa Kigoma hawavuji, ila harufu yao haina mfuniko.

Daftari liwe na penseli, maana wino hukimbia mvua ikinyesha. Tarehe, saa, usajili, aina, njia iliyotumika, upepo, sekunde za kuruka, na hali ya mbingu. Andika pia zile zilizosikika tu. Kuna siku za Machi wingu linakaa juu ya kiwanja, mngurumo wa ATR unazunguka mara moja, mara mbili, kisha unafifia kuelekea mashariki ulikotoka. Mstari wa siku hiyo unakuwa mfupi: saa 5:40, ATR, usajili haukuonekana, mvua upande wa ziwa, haikutua.